Kuchelewa na Kucheleweshwa: Kadi ya Mtandao, Draiva Yake na Utafutaji wa Chanzo

Utangulizi

Katika ofisi, benki na maktaba za Afrika Mashariki kuna kauli moja inayofunga mazungumzo kabla hayajaanza: "Mtandao unasumbua." Wengine husema mtandao uko chini, na wengine husema leo hakuna mtandao. Kauli hizi hufanya kazi moja. Humtaarifu msikilizaji kwamba jambo alilolijia halitakamilika, na papo hapo humwondolea msemaji wajibu wa kueleza sababu. Anayeambiwa hivyo huketi akangoja, au huondoka ili arudi kesho.

Kauli hiyo inafanana na mazoea ya zamani ya kuliita kila joto la mwili malaria. Mgonjwa alipewa dawa ya malaria hata pale ambapo chanzo cha homa yake kilikuwa kingine kabisa. Jina moja likibebeshwa maradhi mengi, dawa moja hutolewa kwa wote, na wasiopona huambiwa wavumilie. Ndivyo ilivyo kwa mtandao unaosumbua: huenda waya umekatika, huenda njia imesongamana, huenda kompyuta ya mbali imelemewa, na huenda pia mtandao hauna kosa lolote, ila kasoro imo ndani ya mashine iliyo mezani pa mlalamikaji.

Makala haya yanachunguza ugonjwa huo wa mwisho, yaani uchelewaji unaozuka katika kadi ya mtandao, hususan katika programu inayoiendesha kadi hiyo. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kazi hii aghalabu hauko katika kurekebisha bali katika kuuliza swali lililo sahihi. Na kwamba sarufi ya Kiswahili inayo tayari tofauti inayohitajika ili swali hilo liulizwe.

Vitenzi viwili

Kitenzi kuchelewa kina historia inayostahili kutazamwa. Shina lake ni -cha, lile linalosikika katika neno kumekucha. Likitiwa kauli ya kutendea hutoa -chelea, ambayo si ile -chelea yenye maana ya kuhofia. Na likitiwa kauli ya kutendwa hutoa -chelewa, yaani kufikiwa na mapambazuko kabla ya kutimiza jambo lililokusudiwa. Sambamba nalo lipo shina -chwa la jua linapotua, ambalo limezaa -chwelewa, kufikiwa na machweo. Aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni mtu aliyekuchiwa njiani. Kauli ni ya kutendwa, lakini mtendaji ni alfajiri, na alfajiri haishtakiwi.

Kucheleweshwa ni jambo jingine. Hapa kiambishi cha kusababisha kimeingia, kisha kauli ya kutendwa ikarudi tena juu yake. Neno likisemwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Kwa nini? Mahali gani? "Barua imechelewa" ni taarifa tu. "Barua imecheleweshwa" ni mwanzo wa uchunguzi.

Tofauti hii, ambayo kila mzungumzaji anaijua pasipo kufundishwa, ndiyo inayomtenga fundi hodari na fundi wa kubahatisha. Fundi wa kubahatisha husikia kwamba data imechelewa, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Fundi hodari hulichukulia lalamiko kuwa data imecheleweshwa, kisha akaanza kumtafuta mcheleweshaji, hatua baada ya hatua, kuanzia karibu kwenda mbali.

Umbali na visingizio vyake

Mshukiwa wa kwanza siku zote ni umbali, na kwa miaka mingi shutuma hiyo ilikuwa ya haki. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Mkongo wenye urefu wa kilomita 10,000 kwa hiyo unahitaji milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, na hakuna fundi wala fedha inayoweza kuupunguza muda huo. Setilaiti ni kali zaidi. Ile iliyotulia juu ya ikweta huwa kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Ujumbe hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka. Safari hizo nne zina jumla ya kilomita zaidi ya 143,000, na hata kwa mwendo wa mwanga hazipungui milisekunde 477.

Mikongo ya nyuzi za kioo ya chini ya bahari ilifika Kenya na Tanzania mwaka 2009. SEACOM ulianza kazi mwezi Julai mwaka huo, TEAMS ulifika Mombasa mwaka huo huo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya intaneti na nchi za mbali yalipitia setilaiti. Katika hali hiyo, kadi ya mtandao iliyoongeza milisekunde 40 kwa kasoro yake yenyewe isingeonekana. Arubaini juu ya mia tano ni kama chumvi baharini.

Mkongo ulipokuja, na taasisi zilipoanza kuweka kompyuta zao za kuhifadhi mafaili na maktaba za kielektroniki ndani ya majengo yao wenyewe, hesabu iligeuka. Kati ya ofisi mbili za jengo moja, ujumbe unaopitia waya huenda na kurudi chini ya milisekunde moja. Milisekunde 40 zile zile, ambazo jana hazikuonekana, leo ni mara arubaini ya safari nzima. Umbali uliondoka, na kasoro iliyokuwa imejificha nyuma yake ikabaki wazi.

Hata hivyo, mazoea ya kulaumu umbali hayakuondoka pamoja na umbali wenyewe. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mtu aliyezoea kungoja miaka kumi hahitaji sababu mpya ya kungoja; ile ya zamani humtosha. Hapo ndipo fedha za idara hutumika kununua huduma ya kasi zaidi, mwezi baada ya mwezi, ilhali mcheleweshaji yumo ndani ya mashine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dereva na draiva

Kadi ya mtandao ni kifaa kidogo kinachopokea mawimbi ya umeme, ya mwanga au ya redio na kuyageuza kuwa data. Kifaa hicho hakijiendeshi. Kinahitaji programu inayokijua kwa undani: inayojua vipokezi vyake, ishara zake na hata tabia zake mbaya. Mafundi wa Kiswahili wameiita programu hiyo draiva. Ni jambo la kuvutia kwamba neno moja la Kiingereza limeingia katika Kiswahili mara mbili kwa milango miwili. Mara ya kwanza liliingia pamoja na motokaa, likawa dereva, mtu mwenye leseni na jina. Mara ya pili liliingia pamoja na kompyuta, likawa draiva, kitu kisichoonekana. Dereva akichelewesha abiria, abiria hujua wa kumuuliza. Draiva ikichelewesha pakiti, anayetumia kompyuta hata hajui kwamba ipo.

Safari ya pakiti moja ndani ya mashine inafaa kuelezwa. Pakiti ikifika, kadi huiandika moja kwa moja katika kumbukumbu ya kompyuta, mahali palipotengwa na draiva. Mahali hapo pamepangwa kama duara la vyumba: kimoja kikijaa, kinachofuata hutumika, mpaka mzunguko urudi mwanzo. Kisha kadi huipelekea prosesa ishara ya kukatiza. Prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, huiita draiva, nayo draiva huitoa pakiti na kuikabidhi kwa mfumo wa uendeshaji, ambao nao huifikisha kwa programu iliyokuwa ikiingoja. Kila moja ya hatua hizi ni mahali ambapo pakiti inaweza kucheleweshwa.

Utaratibu wa kukatiza ulitosha wakati mitandao ilikuwa ya polepole. Kwa mtandao wa gigabiti moja kwa sekunde, pakiti kubwa za kawaida zinaweza kufika kiasi cha 81,000 kila sekunde, na zile ndogo kabisa zaidi ya 1,488,000. Mhadhiri anayesahihisha mitihani anaweza kumfungulia mlango kila mwanafunzi anayebisha, maadamu wanaobisha ni watatu kwa siku. Wakiwa mia tatu, siku itakwisha hajasahihisha hata karatasi moja, na hao waliobisha pia hawatakuwa wamehudumiwa, kwa sababu kila mmoja atakuwa amekatizwa na anayemfuata. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliieleza hali hiyo hiyo katika kompyuta: mashine hushughulika muda wote kupokea vikatizo, na hakuna kazi inayokamilika.

Dawa iliyopatikana ni ile ambayo mhadhiri naye angeichagua, yaani kuweka saa za kuonana na wanafunzi. Kadi huelekezwa isibishe kwa kila pakiti. Ingoje kidogo, ikusanye kadhaa, kisha ibishe mara moja. Katika Linux utaratibu uitwao NAPI ulikwenda mbali zaidi: pakiti zikizidi, draiva huzima vikatizo na kuanza kuchungulia yenyewe mlangoni kwa zamu, mpaka wimbi lipite.

Hapa msomaji anapaswa kutulia kidogo, kwani jambo hili linabadilisha maana ya lawama. Kungoja huko kumekusudiwa. Pakiti inacheleweshwa kwa makusudi ili nyingine nyingi zisipotee. Si kila kucheleweshwa ni kosa. Baadhi yake ni bei iliyolipwa ili kitu kingine kipatikane. Kasoro huanza pale bei inapolipwa na mtu asiyenunua chochote: pale kadi inapongoja kukusanya pakiti nyingi, ilhali anayeitumia yumo katika mazungumzo yanayotuma pakiti moja moja na kuzihitaji upesi.

Namna draiva inavyochelewesha

Njia za ucheleweshaji si chache, na kila moja ina alama zake.

Ya kwanza ni hiyo ya kukusanya kupita kiasi. Alama yake ni kuchelewa kidogo lakini kwa kudumu: kila pakiti huongezewa muda unaokaribiana, na data nyingi zikitumwa kwa mfululizo kasi huonekana nzuri kabisa. Mwenye mashine hupima kasi ya kupakua, akaambiwa yote ni salama, naye akazidi kuchanganyikiwa.

Ya pili ni usingizi. Kadi za redio katika kompyuta za mkononi hulazwa ili betri idumu. Kifaa kinachogawa mtandao wa redio hutangaza kuwapo kwake kwa vipindi, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 102.4, na kadi iliyolala huamka wakati wa tangazo ili isikie kama ina mzigo. Pakiti iliyofika mara tu baada ya tangazo hungoja hadi tangazo linalofuata. Draiva ikiwa na pupa ya kulaza kadi, kila jibu huweza kuongezewa hadi sehemu ya kumi ya sekunde, hata kama ruta iko chumba hicho hicho.

Ya tatu ni upekuzi. Kadi ya redio huiacha idhaa yake kwa muda mfupi ili isikilize kama kuna mitandao mingine jirani. Wakati huo haisikii mtandao wake. Draiva nyingine hufanya hivyo kwa ratiba isiyobadilika, hata pale mawasiliano yaliyopo yana nguvu na hakuna haja ya kutafuta mengine. Alama yake ni ya pekee: utulivu, kisha mruko, kisha utulivu tena, kwa vipindi vilivyo sawa. Msongamano wa barabara hauna mizani, draiva inayo.

Ya nne ni foleni. Mfumo wa uendeshaji na draiva huweka pakiti zinazosubiri kutoka katika foleni, na kwa muda mrefu urefu wa foleni hiyo ulipimwa kwa idadi ya pakiti, sio kwa muda. Pakiti 1,000 za baiti 1,500 ni biti milioni 12. Kwa njia ya megabiti 100 huo ni mzigo wa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa njia ya megabiti moja, mzigo huo huo ni sekunde 12 kamili. Foleni iliyofaa katika maabara ya nchi iliyo na njia pana ikawa adhabu mahali penye njia nyembamba. Mwaka 2012 Linux toleo la 3.3 liliingiza utaratibu wa kuhesabu foleni ya kadi kwa baiti na kuifupisha yenyewe kulingana na mwendo wa njia. Utaratibu huo, hata hivyo, hauna nguvu juu ya kadi ambayo draiva yake haikuandikwa upya ili iutii.

Ya tano ni ulafi wa prosesa. Kazi inayofuata kikatizo hutangulizwa mbele ya programu za kawaida. Draiva ikishika zamu muda mrefu, vingine vyote hungoja, sauti na picha zikiwa za kwanza kuumia. Mfano unaojulikana ni wa Windows Vista mwaka 2007. Watumiaji waligundua kwamba muziki ukipigwa katika kompyuta, kunakili mafaili kupitia mtandao hupungua mwendo. Mark Russinovich wa Microsoft alieleza sababu: ili sauti isikatike kwa wingi wa kazi ya draiva ya mtandao, wasanifu waliweka kikomo cha pakiti 10 kwa kila milisekunde wakati muziki unapopigwa. Pakiti 10,000 kwa sekunde ziliutosha mtandao wa megabiti 100, ambao hauzidi pakiti kubwa 8,200 hivi kwa sekunde. Katika mtandao wa gigabiti, wenye uwezo wa 81,000, kikomo hicho kilikuwa kabari. Kwa mara nyingine, mcheleweshaji alikuwa na nia njema.

Ya sita, ambayo labda ndiyo inayokutwa mara nyingi katika ofisi zinazotumia kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, ni draiva isiyo ya kadi hiyo. Mfumo wa uendeshaji ukikosa draiva halisi huweka ya jumla, au ya ndugu wa kadi hiyo. Mtandao hufanya kazi, na kwa kuwa unafanya kazi hakuna anayeuliza zaidi. Lakini hufanya kazi kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Utafutaji

Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni programu ndogo iitwayo ping. Iliandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba mwaka 1983, ili kuchunguza tabia ya ajabu ya mtandao uliokuwa ukimsumbua, naye akaipa jina la mlio wa chombo cha manowari kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ping hutuma pakiti na kuhesabu muda hadi jibu lirudi. Haisemi chanzo, husema muda tu. Chanzo hupatikana kwa kupanga maswali.

Ichukuliwe hali hii. Mtahiniwa wa shahada ya uzamivu anatetea tasnifu yake kwa njia ya video. Mtahini wa nje yuko ng'ambo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limependekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ikiwa mazungumzo yatakuwa ya kawaida. Muda ukizidi sana, wasemaji huanza kugongana: mmoja hudhani mwenzake amemaliza, mwingine hudhani hajasikika. Mtahini anauliza swali, na jibu halirudi mara moja. Upande wa pili, ukimya huo hausikiki kama kasoro ya mashine. Unasikika kama kusita. Katika mahojiano, katika mahakama na katika mtihani wa mdomo, kusita kuna maana, na maana hiyo hubandikwa kwa mtu.

Kabla ya siku ya utetezi kunafanyika jaribio, na hitilafu inaonekana. Wote wanakubaliana kwamba mtandao unasumbua. Fundi wa idara hakubali wala hakatai. Kwanza anaifanya kompyuta ijipigie ping yenyewe kwa anwani 127.0.0.1. Jibu ni la papo hapo, jambo linaloonyesha kwamba mfumo wa uendeshaji unapumua. Lakini pakiti hizo hazikuigusa kadi, kwa hiyo kadi haijasafishika. Pili anaipigia ruta iliyo ukutani. Hapo majibu yanakuja hivi: milisekunde 2, 2, 3, 2, kisha 400, kisha 2 tena. Anaiacha ping iendelee kwa dakika kumi. Mruko unarudi kila baada ya dakika moja, karibu sekunde ile ile.

Wastani ungemdanganya. Pakiti 99 za milisekunde moja na moja ya milisekunde 400 zina wastani wa milisekunde 5 tu, na mwenye kutazama wastani angeandika kwamba mashine ni nzima. Ni umbo la hesabu linalosema, sio jumla yake. Tena ruta iko hatua chache, kwa hiyo umbali umetoka katika orodha ya washukiwa, na pamoja nao kampuni inayouza huduma, mkongo na ng'ambo yote.

Bado washukiwa watatu wamebaki: ruta, hewa iliyo kati, na kompyuta. Ruta nyingi hulichukulia jibu la ping kuwa kazi ya mwisho, kwa hiyo haifai kuihukumu kwa ushahidi wa kompyuta moja. Fundi analeta kompyuta nyingine, anaiweka mahali pale pale, anaipima kwa ruta ile ile, mruko haupo. Anairudia ya kwanza na kuiunganisha kwa waya, mruko haupo. Sasa anajua kwamba mcheleweshaji ni kadi ya redio ya kompyuta hiyo, au draiva yake. Ili azitenganishe hizo mbili, anaiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine wa uendeshaji ulio katika flashi. Kadi ni ile ile, draiva ni nyingine, na mruko umetoweka. Kinachobaki ni kuweka draiva ya mtengenezaji wa kadi hiyo, toleo linaloilingana, na kupima upya. Ruta haikubadilishwa. Kifurushi hakikuongezwa. Kompyuta mpya haikununuliwa.

Kanuni zilizofuatwa ni chache: kuanza karibu, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kuandika kila kipimo kabla na baada, na kuhakikisha kwamba kila jaribio linaweza kumwachia huru mtu fulani. Jaribio lisiloweza kumwondolea yeyote hatia ni kupoteza muda. Katika Linux, amri ya ethtool humwonyesha fundi jina na toleo la draiva iliyoshika kadi, na pia muda ambao kadi imeagizwa kungoja kabla ya kukatiza. Katika Windows, taarifa za draiva hupatikana kwenye orodha ya vifaa, na hapo hapo mtu anaweza kurejesha toleo la awali ikiwa matatizo yalianza baada ya kusasisha.

Mshukiwa mpya

Ipo hatari kwamba aliyejifunza kuishuku draiva ataishuku daima, na hapo atakuwa amebadilisha kisingizio tu. Tukio la mwaka 2008 ni onyo. Mwezi Septemba mwaka huo, watu waliojaribu matoleo ya awali ya Linux 2.6.27 waliona kadi zao za mtandao za Intel zikiharibika: taarifa zilizohifadhiwa ndani ya kadi zilifutika, na baadhi ya kadi hazikuweza kutumika tena. Draiva iliyozishika, e1000e, ilikuwa mshukiwa wa wazi. Uharibifu ulikuwa katika kadi yake, na hakuna programu nyingine iliyoonekana kuwa na sababu ya kuigusa.

Mwezi Oktoba ukweli ulipatikana, nao ulikuwa kwingine. Kiini cha Linux kilikuwa na chombo cha ufuatiliaji kiitwacho ftrace, ambacho kilirekebisha maagizo ya programu yakiwa ndani ya kumbukumbu. Baadhi ya anwani kilizozishika zilikuwa za maagizo yaliyokwisha ondolewa, na anwani hizo baadaye zilikabidhiwa kwa kadi. Ftrace iliandika mahali ilipodhani ni pake, kumbe ni nyumba iliyokwisha hamiwa na mpangaji mwingine. Draiva haikuwa na kosa hilo. Waliomkamata mcheleweshaji, au mharibifu, hawakumkamata kwa kuwa walikuwa na hakika naye, bali kwa kuwa waliendelea kuuliza hata baada ya kupata wa kumshuku.

Hitimisho

Wataalamu wa istilahi wanaweza kulipokea suala hili kama tatizo la kutafuta neno moja. Yamkini maneno mawili yanafaa zaidi. Uchelewaji utumike kwa muda wote unaopimwa tangu pakiti inapoondoka hadi jibu linaporudi, bila kumtaja yeyote. Ucheleweshaji utumike kwa sehemu ya muda huo iliyokwisha kupatiwa mtendaji wake: ucheleweshaji wa foleni, ucheleweshaji wa draiva, ucheleweshaji wa umbali. La kwanza ni kipimo na la pili ni hukumu, na kati ya hayo mawili ndipo kazi yote ya fundi inapofanyika. Viambishi vinavyohitajika vimekuwamo katika lugha tangu zamani.

Lakini istilahi peke yake haitoshi, kwa sababu kauli ya "mtandao unasumbua" haitokani na ukosefu wa maneno. Inatokana na mazoea ya kungoja, na mazoea hayo yana gharama. Hulipwa na mwanafunzi ambaye maombi yake yamefika baada ya dirisha kufungwa, na mgonjwa ambaye faili lake halifunguki. Hulipwa na mtahiniwa ambaye ukimya wa mashine umehesabiwa kuwa ukimya wake, na hakuna ripoti ya mtahini itakayoonyesha kwamba milisekunde 400 hazikuwa zake. Baadhi ya muda huo ni wa umbali, na utabaki kuwa wa umbali. Uliobaki una mtendaji, naye anaweza kupatikana alasiri moja, kwa kompyuta mbili, waya mmoja na daftari.